Jambo la Tatu

Kazini walimwita Mikono, na jina likamkaa hata mama yake mzazi akawa analitumia akitaka kumtania. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama kwenye kituo cha televisheni, yule mwanamke wa nguo nyeusi anayeonekana kwenye kidirisha kidogo pembeni mwa kioo wakati mtangazaji anasoma habari. Watu wenye masikio mazima walimtazama kama wanavyotazama pambo la ukutani. Viziwi walimtazama yeye tu, mtangazaji wakamwacha na midomo yake.

Lugha hiyo alikua nayo. Mdogo wake wa pekee aliugua homa kali kabla hajajua kusema, homa ikaondoka na masikio yake. Mama alikuwa kutwa kazini, baba mtu wa safari, basi dada mtu ndiye aliyebaki na mtoto nyumbani na kubuni naye alama za maji, njaa, njoo, naogopa. Mdogo alipopelekwa shule ya viziwi akarudi na lugha kamili, yenye kanuni zake na matusi yake. Dada akajifunza kwake upya kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na baadaye akaenda chuoni akapata cheti.

Na tangu utotoni alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyemfundisha. Mgeni akija nyumbani akasema, "Maskini, huyu naye ataishia wapi," Mikono alimgeukia mdogo wake na kumwambia kwa vidole, "Anasema umekua." Shangazi akisema mtoto ana kelele kama mbuzi, yeye alitafsiri kwamba shangazi anauliza kama umekula. Aliona ni upendo. Huenda mwanzoni ulikuwa upendo kweli.

Mdogo wake alikua akawa seremala mzuri, tena wa kutafutwa. Watu walimwita Fundi. Alikuwa na karakana nyuma ya ghala la saruji, na karibu wote aliowaajiri walikuwa viziwi kama yeye. Ndani hapakuwa na kengele. Mtu akitaka wenzake wamwangalie, alizima taa na kuiwasha. Jioni, vumbi la mbao likishafagiliwa, viziwi wa mji mzima walikuja kukaa juu ya mbao na vitanda visivyopakwa rangi, wakabishana. Fundi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao, na kwa miezi ile ya kampeni karakana ikawa bunge.

Wagombea urais wa kuzungumziwa walikuwa wawili. Mmoja ni mama mtu mzima aliyewahi kuwa mkaguzi wa serikali, mkavu wa maneno, asiyecheka ovyo. Watu walimwita Mkaguzi. Mwingine alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti nene na tamu, sauti ambayo hata akiagiza chai unatamani kumpigia makofi. Huyo walimwita Sauti. Mitaani, akishasema, watu waliulizana, "Amesema nini?" na kujibiana, "Sijui, lakini huyu mtu anaongea."

Kwenye karakana ile sauti haikuwa na soko. Mle mtu alipimwa kwa alichosema, basi. Mzee mmoja aliyepiga vanishi, ambaye ndiye aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote, alikuwa na swali lake moja kwa kila mgombea: ukikutwa na jambo usilolitegemea, utaanzia wapi? Alikuwa bado hajapata jibu kutoka kwa yeyote, na wenzake walikubaliana kusubiri mdahalo wa televisheni kabla ya kuamua.

Kabla ya mdahalo huo, mkuu wa vipindi alimwita Mikono ofisini. Kulikuwa na malalamiko. Viziwi kadhaa walikuwa wameandika kwamba waziri fulani alipohojiwa, mkalimani aliruka maneno na sentensi zake hazikushikana. Mikono alijaribu kueleza kwamba maneno ya waziri mwenyewe ndiyo hayakushikana. Bosi akacheka, akasema, "Hilo mimi nitalijuaje? Ninachojua wewe ndiye uliyelalamikiwa. Siku ya mdahalo nchi nzima inatazama. Usituangushe."

Maneno hayo yalimchoma kuliko alivyoonyesha. Alikuwa amejenga jina kwa miaka, na alijua viziwi ni watazamaji wakali. Alitoka mle akiwa ameazimia kwamba hatalaumiwa tena.

Jioni ya mdahalo studio ilikuwa baridi ya kuumiza vidole, huku taa zikimchoma usoni. Mkaguzi alijibu kwa namna yake ya kikavu, mara mbili alisema, "Hilo silijui, itabidi niulize." Mikono alitafsiri kama ilivyo, akimwonea huruma kidogo. Kisha mwandishi akamgeukia Sauti.

"Mheshimiwa, tuseme umeapishwa leo. Kesho asubuhi unaambiwa hospitali kuu haina umeme na madaktari wamegoma. Unaanza na nini?"

Sauti aliegemea mbele.

"Mimi nimezaliwa na mama," alisema. "Nyinyi nyote mmezaliwa na mama. Na mama ni nani? Mama ni taifa. Sasa ndugu yangu ananiuliza habari za umeme. Giza si la taa, ndugu yangu. Giza ni la moyo. Sisi tunakwenda mbele, na tukishafika mbele, tutakwenda mbele zaidi, maana wale waliobaki nyuma walibaki kwa sababu hawakutangulia."

Watu ukumbini wakaanza kupiga makofi. Mikono alikuwa amefika kwenye alama ya mama, kisha ya taifa, na hapo mikono yake ikakwama hewani. Alitafuta jibu ndani ya yale maneno, hakuliona. Alijua kitakachoonekana kwenye kioo: mwanamke anayerusha alama zisizo na kichwa wala miguu. Viziwi hawatasema mgombea amepotea. Watasema mkalimani amepotea. Na Sauti alikuwa bado anaendelea, na yeye alikuwa hana cha kufanya na vidole vyake.

Basi akanyoosha vidole vitatu. Mambo matatu, alisema kwa mikono, nitafanya mambo matatu. La kwanza, nitakwenda mwenyewe kukaa na madaktari hadi niyasikie madai yao yote. La pili, nitatafuta jenereta popote ilipo, wagonjwa wasife huku sisi tukizungumza. Hapo Sauti alikuwa amefikia wale wasiotangulia, na Mikono alikuwa amebakiwa na kidole kimoja juu. Alikuwa ameahidi matatu. Likaja lenyewe, kutoka alikokuwa amelificha: mdogo wake aliwahi kukaa hospitali kutwa nzima akiumwa tumbo, kwa sababu jina lake liliitwa kwa mdomo na yeye hakujua kwamba ameitwa. La tatu, alisema kwa mikono, kila hospitali itakuwa na mtu anayejua lugha ya alama.

Makofi yalikwisha. Mwandishi akasoma swali lingine. Mikono alihisi jasho likimtiririka mgongoni katika ule ubaridi wote, na akajiambia kwamba limepita.

Halikupita. Kabla hajafika nyumbani simu yake ilikuwa imejaa. Bosi alimtumia pongezi, akasema viziwi wameandika tena, safari hii wanasifu. Fundi alimpigia kwa video, akiwa amesimama karakanani, uso umemeta.

"Umeona?" aliuliza. "Jibu limenyooka kama rula. Mzee wa vanishi mwenyewe ameinua mikono kukubali. Tulikuwa tunaelekea kwa Mkaguzi, lakini yule mama anasema hajui, hajui. Huyu anajua aanzie wapi. Yuko tayari."

Mikono alitabasamu, akasema amechoka, anataka kulala.

Siku zilizofuata aliona aibu ikimzunguka kama inzi. Akienda dukani anakutana na kiziwi asiyemjua, ambaye anamsalimia kwa heshima na kumwonyesha vidole vitatu. Mara mbili alikwenda hadi mlango wa karakana ili aseme, na mara zote mbili akakuta wanabishana kwa furaha, akageuza. Alijifariji kwamba ni kura chache, kwamba pengine Sauti akiingia madarakani atafanya hayohayo. Hakuyaamini maneno yake mwenyewe, ila aliyarudia.

Kisha Fundi akaja nyumbani na habari. Watu wa kampeni ya Sauti walikuwa wamesikia kwamba chama cha viziwi kinamuunga mkono mgombea wao. Wamemwalika mwenyekiti apande jukwaani kwenye mkutano wa uwanja wa mpira, azungumze dakika chache.

"Na sauti yangu utakuwa wewe," alisema. "Simtaki mwingine."

Mama yao, aliyekuwa akikunja nguo, alishika alama mbili tatu akaelewa. "Mwenzetu ataonekana na watu wakubwa," alisema, machozi yakimlengalenga. "Msimamie mdogo wako, mwanangu. Usimwangushe."

Angeweza kusema hapo. Walikuwa watatu tu chumbani. Alisema, "Sawa."

Uwanja ulijaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta. Fundi alikuwa amevaa shati alilopigiwa pasi na mama, amenyoa vizuri. Alisimama mbele ya umati, akamgeukia Sauti aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kifahari, na akaanza kusema taratibu, kwa alama pana, ili dada yake asikose chochote. Mikono alishika kipaza sauti.

Mwanzoni ilikuwa salamu, na salamu alizitoa zote. Kisha Fundi akasema, "Kwenye mdahalo uliahidi mambo matatu. La kwanza na la pili ni ya watu wote. La tatu ni letu. Uliahidi kila hospitali itakuwa na mtu wa lugha ya alama. Sisi hatukuja kukusifu. Tumekuja kukuuliza: utaanza lini, na hospitali ipi?"

Mikono alimtazama Sauti. Alikuwa anatabasamu, hajui kinachokuja. Kama swali lile lingetoka kwenye spika, mgombea angeuliza, "Ahadi ipi?" mbele ya uwanja mzima, na mdogo wake angebaki pale na shati lake lililonyooshwa, akionekana mwongo au punguani. Ndivyo alivyojieleza baadaye. Lakini alipojieleza hivyo alijua pia kwamba alikuwa anajificha yeye.

"Anasema," alitamka kwenye kipaza sauti, "viziwi wote wanakushukuru kwa moyo wako."

Uwanja ukalipuka. Sauti akainuka, akamkumbatia Fundi, akamshika mkono wa kulia na kuuinua juu, wapiga picha wakakimbilia. Fundi alikuwa bado anasema. Alijaribu kuuvuta mkono wake ili amalizie, lakini Sauti aliushikilia juu huku akizunguka naye, huku na huku, na yeye akaachwa na mkono mmoja unaotapatapa kifuani. Mikono aliona hilo akiwa karibu kuliko mtu yeyote. Maisha yake yote hakuwahi kuona kitu cha kumwaibisha kama kile.

Walirudi kwa miguu kupitia barabara ya nyuma. Fundi alitangulia hadi walipofika penye ukuta wa ghala. Hapo akasimama mbele yake.

"Nilisema mengi," alisema. "Mdomo wako ulifunguka na kufungika mara moja. Watu wakashangilia. Nani anashangilia swali?"

Mikono aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Nilimwangalia usoni. Mtu akiulizwa lini, uso wake unatafuta. Wake haukutafuta chochote. Ulimwuliza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Alimwambia. Alianza na jambo la tatu, akarudi kwenye la pili na la kwanza, akamwambia na habari ya mama ni taifa, na giza la moyo, na wasiotangulia. Fundi alifuatilia mikono yake bila kupepesa. Alipomaliza, mdogo wake alipangusa kiatu chake kwa kiatu kingine.

"Tangu lini unanifanyia hivi?" aliuliza.

Swali hilo hakulitegemea. Alianza kusema ni mara moja tu, mikono ikakataa.

"Yule baba wa binti niliyetaka kumwoa," Fundi alisema. "Uliniambia anasema tusubiri, binti bado anasoma. Nilisubiri. Alisema nini hasa?"

Mikono alifunga macho, kisha akayafungua, maana ukifunga macho mbele ya kiziwi ni kama kumfungia mlango. "Alisema hawezi kumpa binti yake mtu ambaye nyumba ikiungua hatasikia akiitwa."

Fundi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima ubao na kukuta ni mfupi kuliko alivyodhani. "Ningemjibu," alisema. "Nilikuwa na jibu la hilo. Nisingesubiri kama mjinga, nikinunua mbao za kitanda."

Wakaendelea kutembea. Karibu na nyumbani akamwambia tena, bila kumwangalia vizuri, "Hili la mgombea si langu peke yangu. Kesho utakuja karakana, utawaambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Kesho yake alikwenda. Fundi alizima taa, akaiwasha, akajitenga pembeni kwenye mashine ya randa. Mikono alisimama katikati, akawaambia. Hakuna aliyemkatiza. Mzee wa vanishi ndiye aliyeuliza kwanza.

"Kwa nini ulitufanyia hivyo?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

"Ya Sauti kwanza. Halafu yangu. Niliogopa mtasema mimi ndiye sijui kazi."

Mzee alijifuta vanishi kwenye vidole kwa kitambaa. "Kwa hiyo ulidhani tukiwekewa mpumbavu mbele ya macho hatutamjua," alisema. "Nchi nzima imepofushwa na ile sauti yake. Sisi tu ndio ambao haikutufikia. Ukaenda kutushonea nyingine."

Walimtaka awatafsirie mdahalo upya. Waliuweka kwenye kompyuta ndogo juu ya meza ya kupigia randa, na Mikono akakaa kando ya kioo akaanza, neno kwa neno, na pale mgombea aliporudia naye akarudia, na pale alipopotea naye akapotea. Kwenye mama ni taifa walicheka, mmoja akaanguka juu ya kitanda. Kwenye wale waliobaki nyuma kwa kuwa hawakutangulia walicheka kidogo. Baadaye hakuna aliyecheka. Mzee wa vanishi aliondoka katikati, akaenda kusimama mlangoni.

Walipomaliza Sauti wakasema, "Sasa Mkaguzi." Walitaka kujua kama naye alimchezea. Mikono aliwatafsiria yote, na ilikuwa vilevile kama mara ya kwanza, lakini walimtazama kama anavyotazamwa mwizi anapofunguliwa mkoba, na hata kilicho chake kilionekana kimeibwa. Kwenye "hilo silijui" wakabishana upya. Mmoja alisema mtu asiyejua hayuko tayari. Mwingine akasema anayejua kwamba hajui ataanzia pa kuanzia. Kijana wa kuchonga miguu ya viti alisema yeye atampa Sauti hata hivyo, kwa kuwa ana watu, na rais bila watu ni mzigo. Walibishana kwa hasira. Hakuna aliyemgeukia Mikono kumwuliza anaonaje, ingawa zamani walikuwa wakimwuliza.

Alikwenda kwa bosi wake pia. Alitaka kituo kitangaze kwamba tafsiri ile haikuwa sahihi. Bosi alimsikiliza, akazungusha kalamu.

"Nani amelalamika?"

"Hakuna. Mimi ndiye nasema."

"Basi tuliache lilale. Tukianza kusema mkalimani wetu alimpamba mgombea, tutaambiwa tumenunuliwa. Na wewe ndiye utakayekwenda na maji." Kisha akaongeza kwa upole, "Ulifanya kazi nzuri siku ile, dada. Ilieleweka."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko karipio lolote.

Sauti alishinda, tena kwa mbali. Mama yao alimfariji Mikono kwamba kura za karakana nzima zisingebadilisha kitu hata zingekwenda zote upande mmoja. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia. Hakuwahi kujua walimpa nani, hakuthubutu kuuliza. Chama kiliomba kituoni kwamba siku za hotuba kubwa kiziwi mmoja mwenye kuandika vizuri akae studio na kumlinganisha mkalimani na maandishi ya hotuba. Mikono ndiye aliyepeleka ombi hilo, akalisimamia hadi likakubaliwa. Alifanya kazi mbele ya macho ya mtu huyo, na kila mzungumzaji alipokosa maana, aliiacha ikosekane, uso ukiwaka moto kama siku ya kwanza.

Fundi aliacha kumtumia. Benki alikwenda na karatasi na kalamu, kwa wateja alikwenda na kijana wa viti aliyesikia kidogo kwa sikio moja. Nyumbani waliongea habari za chakula na za mama. Kabla ya hapo walikuwa wakiongea hadi mikono inachoka.

Karibu mwaka mmoja baadaye Fundi alianza kukohoa, kikohozi kisichokwisha, na siku moja alimtumia dada yake ujumbe: njoo hospitali. Walikaa kwenye benchi pamoja, Mikono akisikiliza majina. Daktari aliyewapokea alikuwa na haraka. Alizitazama picha za kifua kwenye mwanga, akasema bila kuinua kichwa:

"Mwambie mapafu yamejaa vumbi. Akiendelea na mbao bila kuziba pua na mdomo, hatafika uzeeni. Na mwambie ni uzembe, maana miaka yote hii angeweza kununua barakoa."

Mikono yake ilitaka kulainisha. Aliihisi ikitaka, kama mguu unaotaka kukwepa tope. Alimtazama mdogo wake, akayasema yote, na uzembe akausema, na uzeeni.

Fundi alimwangalia dada, akamwangalia daktari, akarudi kwa dada.

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mwambie amesema kweli," Fundi alisema, "lakini mtu mzima haambiwi hivyo na mtu aliyempa mgongo."

Mikono alimgeukia daktari, akayafikisha.

Daktari aliziweka picha chini. Alivuta kiti, akakaa akimwelekea Fundi, na akaanza tena.